Maka 60 kwenye seti, na hakuna rangi ya ngozi yetu

Ukitaka kujua kama mtu anapaka manga kwa maka za ukweli, usiangalie yale macho makubwa ya mhusika wala nywele zilizosimama kama miiba. Geuza karatasi. Upande wa nyuma ndio hausemi uongo. Ukikuta mchoro mzima umepenya hadi huku, kama chapati iliyozidi mafuta kwenye gazeti, basi jua huyo ametumia maka za alkoholi na amepitisha wino mara tatu, nne, tano sehemu moja. Ukikuta nyuma ni safi, hiyo ni felt peni ya shule ya msingi ama ni picha ya kompyuta iliyochapishwa.

Wiki mbili zilizopita nilikaa siku nzima na msichana ambaye karatasi zake zote zimevuja hivyo. Ana miaka 20, anaishi Kayole na mamake, na yuko mwaka wa pili kampasi akisomea uhasibu. Jina lake ameniomba nisiandike. Sababu ni moja na inaeleweka: anko anayemlipia karo husoma gazeti hili.

Vifaa vyake vyote vinaingia kwenye boksi moja la viatu. Kuna penseli, raba, kalamu tatu za wino mweusi zenye ncha nyembamba, kalamu moja ya jeli nyeupe, na seti ya maka 60 ambayo 11 kati yake zimeshakauka. Hana meza ya kuchorea. Anatumia kipande cha mbao kilichobaki wakati jirani alipokuwa akitengeneza kabati, anakiweka mapajani, dirisha wazi. Hilo dirisha usilione kama mapambo. Wino wa alkoholi una harufu kali na ukifungiwa nao chumbani masaa sita, kichwa kitakuuma hadi usiku.

"Watu wanadhani ngumu ni kuchora," aliniambia akipanga maka zake kutoka nyeupe-nyeupe hadi nyeusi. "Kuchora ni penseli bro, ukikosea unafuta. Maka hakuna kufuta. Ukishagusa, umegusa."

MAKA HIZI ZINAFANYAJE KAZI

Wacha tuanze na sayansi kidogo, usitoroke.

Felt peni ya kawaida ina wino wa maji. Ukipaka mara moja inakaa poa. Ukirudia pale pale, karatasi inalowa, inaanza kuchubuka na kutoa vile vinyweleo, na kila mstari uliopitisha unaonekana. Ndiyo maana michoro yetu ya darasa la nne ilikuwa na mabati: mistari, mistari, mistari.

Maka ya alkoholi ni mnyama tofauti. Rangi imeyeyushwa ndani ya alkoholi, na alkoholi inakauka haraka bila kuharibu karatasi. Ukipaka rangi ya pili kabla ya kwanza kukauka, wino mpya unaupata ule wa zamani bado uko hai, zinayeyukiana, na mpaka kati yao unapotea. Hivyo ndivyo shavu la mhusika linatoka kwa mwanga hadi kivuli bila kuonekana mahali ambapo msanii alibadilisha kalamu.

Kwa hivyo kazi yote ni kushindana na muda. Unaanza na rangi nyepesi, unaingia ya kati, unaingia iliyokolea, halafu unarudi tena na ile nyepesi juu ya mpaka ili kulainisha. Ukichelewa, inakauka na unabaki na mstari. Ukiharakisha na wino mwingi, inavuka mchoro wa kalamu nyeusi na kuingia kwenye nywele. Nilimtazama akipaka shingo moja kwa dakika nane bila kunijibu swali hata moja.

Maka nyingi za aina hii zina ncha mbili: upande mmoja ncha pana iliyokatwa kama patasi ya kupaka sehemu kubwa, upande wa pili ncha ndogo, na kwenye zile nzuri inakuwa laini kama brashi. Kwa sababu ya ncha mbili hizo, maka huwekwa zikiwa zimelala. Ukizisimamisha kwenye kikombe kama penseli, wino unashuka chini na ncha ya juu inakauka. Zile 11 za rafiki yetu zilikufa hivyo, kwenye kikombe cha plastiki, kabla hajajua.

Maka zinazoheshimiwa zaidi katika ulimwengu wa manga ni Copic, za kampuni ya Too kutoka Tokyo. Zilianza kuuzwa mwaka wa 1987. Jina lenyewe limetoka kwenye neno kopi, na kuna kisa ndani yake. Zamani hizo wabunifu walikuwa wakitoa fotokopi ya mchoro wao kisha wanapaka rangi juu ya ile kopi. Shida ni kwamba maka nyingi zilikuwa zikiyeyusha wino wa fotokopi, na mistari yote nyeusi inageuka matope. Copic zilitengenezwa ziwe zinapita juu ya fotokopi bila kuivuruga.

Rafiki yetu hana Copic seti. Ana mbili tu. Lakini ile hila ya fotokopi anaitumia kila wiki: anachora kwa penseli, anapitisha wino mweusi, anaenda kwa cyber kutoa kopi tatu kwenye karatasi nzito, kisha anapaka kopi. Akiharibu, mchoro asili uko salama. Kumbuka nilisema maka haina kufuta. Kopi ndiyo raba yake.

MANGA NI NYEUSI NA NYEUPE, SASA RANGI ZA NINI?

Swali zuri. Ukifungua kitabu cha manga, kurasa karibu zote ni nyeusi na nyeupe. Majarida ya Japani kama Weekly Shonen Jump, lililoanza mwaka wa 1968, huchapishwa kila wiki kwenye karatasi ya bei ya chini, yana mamia ya kurasa, na wachoraji wanakimbizana na muda. Rangi ingekula pesa na siku. Vivuli vinawekwa kwa vidoadoa, ama kwa mistari iliyochorwa kwa mkono.

Ndiyo maana ukurasa wa rangi kwenye manga ni heshima. Unawekwa kwenye jalada, ama mwanzoni mwa sura wakati hadithi inasherehekea kitu. Mchoraji anajua ukurasa huo ndio watu watakata na kubandika ukutani.

Na hapa lazima nimtaje Oda. Sio oda ya chips mwitu. Eiichiro Oda, baba wa One Piece. Huyu jamaa alizaliwa mwaka wa 1975 kule Kumamoto, kusini mwa Japani. Mwaka wa 1992, akiwa na miaka 17, hadithi yake fupi ilishinda nafasi katika tuzo ya Tezuka, inayobeba jina la mzee Osamu Tezuka, yule daktari wa masomo aliyeamua kuchora. Akiwa na miaka 19 Oda aliacha chuo kikuu akaenda kuwa msaidizi wa wachoraji wengine, akiwemo Nobuhiro Watsuki wa Rurouni Kenshin. One Piece ilianza mwaka wa 1997 na leo imepita nakala milioni 500 duniani. Kurasa zake za rangi, zile zilizojaa wanyama na vyakula na anga la buluu hadi unachoka kuangalia, ni kazi ya maka za Copic kwa mkono.

Najua baadhi yenu mmesoma "aliacha chuo" na mkatabasamu. Subirini, tutafika huko.

ODA ILIYOMNYIMA USINGIZI

Mwezi wa pili mwaka huu rafiki yetu alipata ujumbe Instagram kutoka kwa dada mmoja anayeuza nguo za mtumba Donholm. Ndugu yake mdogo alifariki mwaka jana. Alikuwa kondakta wa matatu, na alikuwa mwendawazimu wa anime. Nganya aliyofanyia kazi ilikuwa imechorwa mhusika wa anime ubavuni, na yeye alikuwa akiwaeleza abiria hadithi yake yote kutoka stejini hadi tao, watake wasitake.

Dada mtu alituma picha tatu za simu. Alitaka ndugu yake achorwe kama shujaa wa manga, akining'inia mlangoni mwa matatu, mkono mmoja ukipiga bati. Rangi kamili, karatasi ya A4, ya kuweka kwenye fremu sebuleni kwa mama yao.

"Nilikubali kabla sijafikiria," rafiki yetu anasema. "Halafu nikafungua seti, nikatafuta rangi ya ngozi yake. Nikaikosa."

Kwenye maka zake 60 kulikuwa na rangi zilizowekewa alama ya ngozi. Nane nzima. Zote zilikuwa pinki, pichi, na krimu. Kahawia zilikuwa tatu: moja kama chungwa lililoiva, moja kama mbao ya msonobari, moja karibu nyeusi. Kati ya ile ya mbao na ile nyeusi hakukuwa na kitu. Na huko katikati ndiko anakoishi yule kijana, ndiko anakoishi rafiki yetu, na ndiko ninakoishi mimi ninayeandika haya.

Kama umewahi kuchora manga hapa mtaani, hili unalijua. Tunaanza kwa kunakili wahusika wa Japani, na seti za bei nafuu zinapangwa kana kwamba hao ndio watu wote waliopo. Unaweza kuchora miaka mitano bila kuishiwa rangi ya ngozi ya Luffy au ya Naruto. Siku unayotaka kuchora ndugu yako, seti inakutazama tu.

Jaribio la kwanza alipaka kahawia ya mbao halafu akaweka kivuli kwa kijivu. Ngozi ikafa. Ikapata ile rangi ya mtoto aliyetumwa dukani mwezi wa Julai asubuhi bila kupakwa mafuta. Jaribio la pili akaongeza nyeusi kwenye kivuli. Ikawa kama masizi. Kopi mbili, pwaa, kwenye taka.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kilinifanya niandike makala haya. Alikata karatasi iliyobaki vipande vidogo na kutengeneza chati. Kila maka aliyonayo alipitisha chini ya kahawia, na kila moja alipitisha juu ya kahawia, akaandika nambari pembeni. Usiku mmoja mzima. Kisha akachukua simu, akasogeza picha ya yule kijana hadi uso ukajaa skrini, akaanza kulinganisha kipande kimoja kimoja.

Jibu lilikuwa zambarau. Zambarau nyepesi inapakwa kwanza mahali pa kivuli, chini ya kidevu, chini ya kofia, upande wa pua. Ikikauka, kahawia inapita juu yake, na kivuli kinatoka kirefu na chenye damu ndani. Kwenye paji la uso na mfupa wa shavu, anaanza na manjano nyepesi kabla ya kahawia, na ngozi inawaka kama mtu amesimama jua la saa sita. Kwenye ncha ya sikio, ambapo mwanga hupita, tone la chungwa-nyekundu. Mwisho kabisa nukta ya jeli nyeupe puani na kwenye mdomo wa chini.

Hata hivyo, kahawia zake tatu hazikutosha. Alienda mjini akanunua Copic mbili za rejareja. Hapa inafaa ujue zinavyosomwa. Kila maka ina herufi na nambari. E ni familia ya rangi za udongo. Tarakimu ya mwisho inakuambia imekolea kiasi gani: 0 ni nyepesi kabisa, 9 ni iliyokolea kabisa. Kwa hivyo E00 ni rangi hafifu ya kama maziwa yenye chai kidogo, na E49 ni kahawia ya gome la mti mzee. Ukijua hivyo hununui kwa kubahatisha wala kwa kudanganywa na rangi ya kifuniko. Mstari wa Copic Sketch una rangi 358, na kahawia zipo za kutosha. Tatizo si kwamba hazipo duniani. Tatizo ni kwamba hazipo kwenye seti inayotufikia.

Na usiniambie tununue zote. Hata ukikadiria shilingi 700 kwa kalamu moja, 358 zinakuwa shilingi 250,600. Hiyo ni nduthi na chenji.

HESABU YA MHASIBU

Kwa hiyo kazi alikuwa ameitisha shilingi 2,500. Nilimuuliza alipata faida ngapi, nikitarajia ajibu "si mbaya" kama wasanii wengine. Alitoa daftari.

Karatasi nzito, shilingi 180. Kalamu ya wino mweusi, 250. Copic mbili, 1,100. Nauli na boda ya kupeleka, 150. Jumla 1,680. Iliyobaki, 820. Masaa aliyoandika ni 14. Gawanya mwenyewe: shilingi 58 kwa saa.

"Nilipoona hiyo nambari nilicheka, halafu sikucheka," anasema.

Anaongeza kwamba Copic zimebaki, na ile chati ya ngozi sasa anayo milele, kwa hivyo oda ya pili ya aina hiyo ilimchukua masaa tisa. Lakini alibadilisha sheria zake siku hiyo hiyo. Sasa anaitisha nusu ya pesa kabla hajashika penseli. Anahesabu masaa kwanza, vifaa pili, halafu ndipo anataja bei. Na mteja anayesema "si ni kuchora tu" anapewa jibu fupi la heshima na anaachwa aende.

Nikamkumbusha kwamba daftari hilo, lenye safu za kuingia na kutoka na salio chini, amelijua kutoka kwa somo lile lile analosema linamchosha. Alinyamaza kidogo. "Usiandike hiyo, anko atafurahi sana."

Nimeandika.

JUA HALINA HURUMA

Kuna jambo moja ambalo wauzaji wa maka hawasemi na wateja hawaulizi. Picha ya maka haidumu ukutani.

Wino wa maka za alkoholi ni rangi iliyoyeyuka, sio chembe za rangi kama zile za rangi ya mafuta. Rangi iliyoyeyuka inapendeza, inang'aa, inachanganyika vizuri, lakini mwanga unaila. Weka mchoro mkabala na dirisha na baada ya muda utaona zile pinki na zambarau zinaanza kuaga. Copic pia ziko hivyo. Hakuna bei inayokuokoa. Mistari myeusi yenyewe, kama umetumia kalamu ya wino wa chembe, itabaki. Kwa hivyo baada ya miaka unaweza kubaki na mchoro wa mistari na kumbukumbu ya rangi.

Sasa fikiria picha ya marehemu, sebuleni kwa mama, ukutani mkabala na dirisha. Na kivuli chote cha ngozi kimejengwa juu ya zambarau.

Rafiki yetu hakumficha mteja. Alipeleka mchoro kwa mtu mwenye skana nzuri, akarekebisha rangi kwenye simu hadi zikafanana na karatasi, akatoa nakala ya kuchapishwa. Nakala ndiyo iliyoingia kwenye fremu. Mchoro wenyewe aliuweka kwenye faili la plastiki, karatasi safi juu na chini, na kumwambia dada mtu auhifadhi kabatini, mbali na jua na mvuke wa jikoni. Nakala ikififia, atatoa nyingine.

Siku ya kupeana walikutana stejini Donholm. Dada mtu alifungua faili, akakaa kimya, halafu akaanza kucheka. "Masikio," alisema. "Umemwekea masikio yake!" Kumbe jamaa alikuwa na masikio yaliyosimama, na utotoni walikuwa wakimwita Dishi. Kwenye manga ni rahisi sana kuyaficha masikio chini ya nywele. Rafiki yetu aliyaacha, na ncha zake ndizo zilizopata lile tone la chungwa.

MHUSIKA NI WA NANI?

Kabla hujakimbia kufungua ukurasa wa kuuza michoro ya Goku na Naruto, sikia hili. Mhusika wa mtu ni wa mtu. Kumchora nyumbani kwa mazoezi ni sawa na kila mchoraji amepitia hapo. Kumchapisha kwenye fulana mia na kuuza ni kitu kingine, na Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001. Japani kwenyewe kuna utamaduni mkubwa wa mashabiki kuuza vijitabu vyao vya wahusika wa wengine. Soko lao kubwa, Comiket, lilianza Tokyo mwaka wa 1975. Lakini hapo ni uvumilivu wa wenye mali, sio ruhusa ya kila mtu kila mahali.

Habari njema ni upande wa pili. Mhusika uliyemtunga wewe ni wako kuanzia unapomweka kwenye karatasi. Na huku hatujaanza jana. Wazazi wetu walikua na Juha Kalulu wa E. G. Gitau kwenye Taifa Leo. Mwaka wa 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe, wakicheka Nairobi ya wakati huo kwa katuni. Mwaka wa 2010 Shujaaz ikaingia na Sheng yake, bure ndani ya gazeti, na miaka miwili baadaye ikaleta Emmy ya kimataifa. Na kila asubuhi unapanda maonyesho ya sanaa yenye magurudumu manne na kulipa nauli. Kondakta aliyevaa kofia nyuma, anayening'inia mlangoni, ni shujaa wa manga anayesubiri mtu amwandikie hadithi.

Rafiki yetu ameshaanza. Ana kurasa sita za hadithi yake kuhusu makanga anayesikia abiria wanachofikiria. Nyeusi na nyeupe, kama inavyotakiwa. Jalada tu ndilo la rangi.

NA ILE HABARI YA KUACHA CHUO

Nilisema tutafika. Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili na ninaishi, kwa hivyo sina mahali pa kusimama nikiwahubiria. Ila nasoma hadithi ya Oda kwa mpangilio wake. Kwanza tuzo, akiwa na miaka 17. Halafu kazi, kwenye studio ya mtu anayechapishwa kila wiki, penye mshahara na mwalimu. Chuo kiliachwa kwa sababu mlango mwingine ulikuwa tayari wazi. Na hata hapo ilipita miaka kabla ya One Piece. Hapa Nairobi mlango wa aina hiyo ni mwembamba, na shilingi 58 kwa saa hazilipi nyumba Kayole.

Rafiki yetu amefanya hesabu hiyo mwenyewe. Anataka kumaliza kozi na anataka kumwambia anko ukweli, kwa mpangilio anaoujua yeye. Anko ana duka la hadiwea Nakuru na mara ya mwisho alipoziona maka aliuliza, "Hizo kalamu za watoto ni za nini?" Mpango wake ni kumpelekea daftari kwanza, michoro baadaye. Anaamini mfanyabiashara akiona salio atasikiliza yanayofuata. Sijui anko, lakini ningependa kuwa pale.

UKITAKA KUANZA NA PESA KIDOGO

Nilimwomba awaandikie wasomaji orodha, akanipa hii huku akifunga boksi lake:

Usinunue seti kubwa kwanza. Nunua maka za rejareja kama 10: kahawia nne zinazofuatana kutoka nyepesi hadi iliyokolea, zambarau nyepesi, manjano nyepesi, kijivu mbili, buluu moja, nyekundu moja. Kwa hizo unaweza kuchora watu wa mtaa wako.

Tumia karatasi nzito na laini. Karatasi ya fotokopi ya kawaida inafaa kwa mazoezi tu, itavuja na kula wino. Weka karatasi ya pili chini yake daima, la sivyo utapaka meza ya mamako.

Jaribu kalamu yako nyeusi kabla ya kazi. Chora mstari, subiri ukauke, pitisha maka juu. Ukitandaa, hiyo si kalamu ya kazi hii. Biki nyingi zinatandaa.

Tengeneza chati ya rangi siku ya kwanza. Rangi ya kifuniko na rangi ya wino ni watu wawili tofauti.

Laza maka zako, funga vifuniko hadi usikie "tak", na fungua dirisha.

Kwa wale watakaotaka kumtafuta kupitia kwangu, nitapeleka ujumbe. Lakini mitihani yake inaanza wiki ya pili ya mwezi ujao, na oda zimefungwa hadi karatasi ya mwisho ikusanywe.